Picha Kama Hii Ziko Ngapi?

Mwaka huu, majuma machache baada ya Pasaka, tuliitwa katika nyumba moja hapa Kasapa tukaamue ugomvi. Makatekista wenzetu wanajua jambo hili: watu hawatuiti kwa sala tu. Twaitwa kwa mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, kwa mahari isiyokwisha, kwa shamba ambalo mpaka wake ulihama usiku. Lakini ugomvi wa siku ile hatukuwa tumepata kuusikia. Mama na mwanawe waligombana kwa sababu mama alisema kweli juu ya picha.

Mambo yalikuwa hivi. Baba wa nyumba ile, ambaye alikwisha kufariki, aliacha ukutani picha moja ya rangi iliyochorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga. Wazee wote wa Lubumbashi wanaijua picha ya namna ile, na jina lake ni la Kifaransa, Colonie belge. Mfungwa amelazwa chini kifudifudi. Askari mweusi anampiga kwa kiboko. Mzungu wa serikali amesimama kando akitazama, kiko mdomoni. Nyuma yao kuna gereza na bendera ya Ubelgiji. Upande mmoja wanawake wameleta chakula, nao wanalia. Baba aliinunua siku za Zaire, kwa fedha kidogo, kwa kijana aliyepita mlango kwa mlango na picha zake mkononi. Sahihi ya mchoraji ilikuwa chini, pembeni, lakini unyevu umeila, haisomeki tena.

Mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo anasoma chuo kikuu, hapa hapa karibu, na karo yake, ile tunayoiita minervali, haijalipwa. Basi akaja mgeni kutoka ng'ambo, mnunuzi wa picha za kale. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akainusa kitambaa, akapiga picha kwa simu yake. Mlangoni alikuwa amekwisha kudokeza bei ambayo ingetosha minervali na kubaki. Ndipo akauliza: "Picha kama hii ziko ngapi hapa mjini?"

Mama akafurahi kuona mgeni anaipenda picha ya marehemu mumewe. Akajibu upesi: "Ee, baba, ziko nyingi! Iko kwa mama mmoja nyuma ya soko, iko kwa fundi wa baiskeli, na kaka yangu alikuwa nayo katika mtaa wa Kenya mpaka mvua ilipoiharibu."

Mgeni alifunga daftari lake. Bei aliyoitaja kabla ya kuondoka haikufika nusu ya ile ya mlangoni.

Mgeni alipokwenda, kijana aliwaka moto. "Mama," akasema, "umekula minervali yangu kwa mdomo wako." Mama hakuelewa. Hata tulipofika sisi, siku mbili baadaye, alikuwa bado anauliza, "Sasa, mwalimu, nilikosa nini? Mimi niliisifu picha."

Kijana alitufungulia simu yake atuonyeshe kitu alichoonyeshwa na mnunuzi. Ulikuwa uso wa mwanamke mzungu: nywele za manjano, midomo myekundu, rangi ya buluu juu ya macho, na ngozi ya waridi kali ambayo Mwenyezi Mungu hakumpa binadamu yeyote. Chini yake iliandikwa bei ambayo hapa Kasapa ingejenga nyumba, tena si moja. "Tazameni," akasema kijana. "Hii haikuchorwa kwa mkono. Imechapwa, kama gazeti. Yetu imechorwa mstari kwa mstari. Mbona hii ina bei na yetu haina? Ni kwa kuwa nakala zake ni 250 tu, nazo zimehesabiwa. Mama angenyamaza, yetu ingekuwa moja."

Twakiri kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Falsafa tuliyofundishwa seminarini ilisema mengi juu ya kimoja na vingi, lakini haikusema lolote juu ya minervali. Tukaomba tupewe muda, tukaenda kusoma na kufikiri. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwenye picha ile ya mwanamke ni Andy Warhol, Mmarekani, aliyezaliwa katika mji wa Pittsburgh mwaka 1928. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka kijiji cha Miková, katika nchi ambayo leo ni Slovakia, nao walikuwa Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki. Kanisa alilopelekwa utotoni lilikuwa na ukuta wa picha takatifu mbele ya altare, uso karibu na uso, kama ilivyo desturi ya Wakristu wa huko. Mtoto yule aliketi Jumapili baada ya Jumapili akizitazama. Alipokuwa mtu mashuhuri New York hakuacha kuingia kanisani, na kazi zake kubwa za mwisho zilikuwa picha za Karamu ya Mwisho, zilizoonyeshwa Milan mnamo Januari 1987. Mwezi uliofuata akafariki. Hatusemi kwamba alikuwa mtakatifu. Twasema tu kwamba asiyeujua ukuta ule wa picha takatifu hatazielewa picha zake.

Sanaa yake huitwa sanaa ya pop, maana yake sanaa iliyochukua vitu vya watu wote: makopo ya dukani, picha za magazeti, nyuso za sinema. Mwaka 1962 Warhol alichora makopo ya supu ya Campbell's, vitambaa 32, kila kimoja aina yake ya supu. Mwezi wa Agosti mwaka uleule mcheza sinema Marilyn Monroe alikufa, naye Warhol akachukua picha yake ya kutangazia sinema ya Niagara, ya mwaka 1953, akaihamishia kwenye kitambaa. Nakala moja aliiweka juu ya dhahabu tupu: uso mdogo katikati ya uwanda wa dhahabu, sawasawa na picha ya mtakatifu wa Mashariki. Hapo ndipo ilipo maana yake. Kila mtu aliuona uso ule magazetini, wala waliomfahamu mwenyewe hawakuwa wengi. Ukiitazama vizuri utaona rangi haikai barabara juu ya mistari. Midomo imeteleza kidogo, buluu ya macho imevuka. Ni kinyago, na mtu yuko nyuma yake. Mahali ambapo mababu wa Warhol walimweka Mama wa Mungu, yeye aliweka uso uliokwisha kwa kutazamwa mno. Wengine husema ni kufuru. Sisi twaiona zaidi kama maombolezo, ingawa hatutagombana na mtu kwa hilo.

Mwaka 1967 aliurudia uso ule juu ya karatasi, mara kumi kwa rangi kumi mbalimbali, na kila moja ikachapwa nakala 250, zikatiwa sahihi kwa kalamu ya risasi na hesabu kwa muhuri. Kijana wetu alionyeshwa mojawapo ya hizo.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Kitambaa cha hariri hutandazwa juu ya fremu. Sehemu zisizotakiwa huzibwa. Wino humwagwa juu na kusukumwa kwa ubao wenye ncha ya mpira, nao hupenya mahali palipo wazi na kuanguka juu ya karatasi. Kila rangi ina fremu yake. Hariri ile haikuchoka ilipofika karatasi ya 250, ingeweza kutoa mamia mengine. Wino ulikuwapo na karatasi zilikuwapo. Aliyesema "basi" alikuwa binadamu.

Sisi watu wa Katanga yafaa tujue kwamba desturi hii ya kuhesabu ilianza na shaba. Zamani Ulaya mchoraji alichimba mistari yake juu ya bamba la shaba, akajaza wino ndani ya mistari, akalaza karatasi yenye unyevu juu yake, akaipitisha chini ya mtambo wa kukandamiza. Shaba ni laini, kila aliyeona waya ukipindwa anajua. Kila mkandamizo ulifuta mistari kidogo, na baada ya karatasi mia kadhaa picha ilififia. Aliyenunua mapema alipata picha kali, na aliyechelewa alipata kivuli. Basi uchache ule ulikuwa sheria ya madini, si ya mtu.

Katika karne ya 19 iligunduliwa namna ya kulivika bamba la shaba ngozi nyembamba ya chuma kwa nguvu za umeme. Tangu hapo bamba liliweza kutoa maelfu bila kuchakaa. Ungedhani, ndugu msomaji, kwamba bei zilianguka na kila maskini akapata picha yake. La hasha. Ni katika karne ileile, kuelekea mwisho wake, wachoraji walipozoea kutia sahihi kwa kalamu ya risasi chini ya karatasi, kisha na hesabu: hii ni ya saba, na zote ni hamsini. Ilipotoka ya hamsini, walilikwaruza bamba lote kwa msumari ili lisizae tena. Lile ambalo zamani liliamriwa na shaba, sasa liliamriwa na watu.

Je, ni dhambi? Wazo letu la kwanza lilikuwa ndiyo. Tulimfikiria mtu anayechoma nusu ya ghala lake la mahindi ili nusu iliyobaki ipande bei. Lakini hatukudumu katika wazo hilo. Hakuna mtu anayekufa kwa kukosa uso wa Marilyn. Tena hesabu ile iliyoandikwa chini ya karatasi ni neno. Mchoraji anamwambia mnunuzi: nimefanya kadhaa, sitafanya zaidi. Mnunuzi anaamini, analipa, na mchoraji anakula na kulisha watoto. Bamba likikwaruzwa, neno limetiwa muhuri. Tangu lini Kanisa likachukia ahadi iliyotunzwa?

Taabu huanza ahadi inapochezewa, na Warhol mwenyewe aliichezea. Mwaka 1970 watu fulani wa Ubelgiji walipata kutoka kwake filamu zilezile za uso ule, wakaanza kuchapa upya, mara hii bila mpaka wa hesabu, na nyuma ya karatasi wakapiga muhuri wa kumwambia mnunuzi ajitilie sahihi yake mwenyewe. Baadaye walielewana vibaya, lakini uchapaji haukukoma. Yasimuliwa kwamba watu walipomletea Warhol karatasi hizo, mara nyingine aliandika juu yake kwamba hii si kazi yake, kisha akatia sahihi jina lake. Tulicheka tuliposoma hayo. Halafu tukamfikiria mmoja wa wale waliolipa kwa kuambiwa kwamba ziko 250. Uso ulioko ukutani kwake haukubadilika hata kidogo, rangi ni zile zile. Walakini ameibiwa kitu. Kitu gani? Alikuwa amenunua picha, na pamoja na picha alikuwa amenunua kutokuwapo kwa picha nyingine. Ndiyo biashara yenyewe, na yule mnunuzi wa Kasapa aliijua alipouliza swali lake. Alikuwa anapima ukubwa wa kutokuwapo.

Sasa turudi kwa mama. Mtakatifu Tomaso wa Akwino ana mfano unaofaa kabisa, nao ni wa zamani hata kumpita yeye. Mfanyabiashara analeta ngano mahali penye njaa, bei iko juu; naye anajua kwamba wengine wako njiani na ngano nyingi. Je, ni lazima awaambie wanunuzi? Tomaso ajibu kwamba akinyamaza na kuuza kwa bei aliyoikuta, hakuvunja haki. Akiwaambia au akipunguza bei, ni fadhila iliyo kubwa zaidi. Basi mama, kama asingeulizwa, angeweza kunyamaza juu ya picha ya fundi wa baiskeli bila kosa. Haya tulimwambia kijana, naye akapata tumaini. Lakini aliulizwa. Aliyeulizwa waziwazi, akijibu "ni hii moja tu", anasema uongo, tena uongo unaochukua fedha za mtu kwa kitu kisichokuwapo. Kijana akainamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo kwamba uongo wa namna ile mjini husemwa kila saa moja mara kumi. Ni kweli. Hatukuwa na la kuongeza.

Hata hivyo jibu hilo halikutosha, kwa maana mama hakujiona amefanya fadhila yoyote. Hakuungama upungufu wa picha yake, aliitangaza sifa yake! Kwake yeye "ziko nyingi" ni neno la heshima, kama vile tusemavyo juu ya marehemu kwamba mazishi yake yalijaa watu. Mnunuzi alisikia hasara, na mama aliona anatoa zawadi. Tuliona tusimwache bila kumwelewa.

Picha kama ile, watu wa mji huu waliziita ukumbusho. Mchoraji wake anayejulikana kuliko wote ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa hapa mwaka 1947, mji ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville. Alijiita mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, mwalimu aliyefundisha chuo kikuu hapa mjini, picha zipatazo mia moja za historia ya nchi, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili, maneno yakanaswa. Picha zile leo ziko katika jumba la makumbusho la Amsterdam. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchoraji mwenyewe hakuonekana tena. Katika picha yake ya kifo cha Lumumba na wenzake wawili, waliouawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, aliweka misalaba mitatu kwa mbali, na kila Mkristu aliyeingia sebuleni akaisoma bila kuambiwa.

Colonie belge haikuwa yake peke yake. Wachoraji kadhaa waliichora, wakairudia tena na tena, kwa kuwa mteja alikuja na kusema: nataka kama ya jirani. Na kwa kuwa kila moja ilitoka mkononi, hakuna mbili zilizolingana kabisa. Tazama basi kinyume hiki. Uso wa Marilyn, kitu cha watu wote, ulichapwa kwa mtambo ambao ungeweza kumpa kila mtu nakala, ukafanywa adimu kwa amri. Ukumbusho wa Lubumbashi, ambao kila mmoja kwa kweli ni wa pekee duniani, hakuna aliyejali upekee wake.

Kwa nini hawakujali? Kwa sababu ya kazi yake. Picha ile iliitwa kwa jina la Wabelgiji, na mara nyingi iliandikwa miaka, 1885 hadi 1959, kana kwamba ni mambo yaliyokwisha. Lakini watu walioitundika miaka ya 1970 walikuwa chini ya serikali ambayo haikusemwa vibaya kwa sauti. Mgeni akija, waliikaa chini ya picha, na mzee akaanza: zamani, wakati wa Wabelgiji, mtu alikuwa akipigwa hivi. Kila mmoja sebuleni alijua hadithi haikuishia 1959. Ukumbusho ulisema lile ambalo mdomo haukuweza, na ulikuwa salama kwa sababu tu ulikuwa ukutani kwa kila mtu. Picha moja katika nyumba moja ingekuwa uchochezi. Zilipokuwa elfu, zilikuwa pambo.

Kuna na jambo lingine. Torati haikubali shahidi mmoja. Yataka wawili au watatu. Baba yake mama huyu alipigwa kiboko gerezani siku za Wabelgiji, naye mama, akiwa mtoto, alifuatana na bibi yake kumpelekea chakula. Haya alitusimulia bila machozi, akionyesha kwa kidole wanawake wa pichani. Angekuwa na picha hiyo peke yake, ingekuwa habari ya ukoo wake tu, labda ndoto ya mtoto. Lakini fundi wa baiskeli anayo, na yule mama wa nyuma ya soko anayo. Alipomwambia mgeni "ziko nyingi", alikuwa anamwitia mashahidi.

Sisi Wakatoliki tusingepaswa kushangaa. Nani alipata kuuliza picha ya Moyo Mtakatifu iliyoko kwa mama mkwe wake ni ya ngapi? Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima itolewayo kwa picha humwendea yule aliyechorwa. Kama ndivyo, basi picha elfu hazigawi heshima hiyo vipande elfu.

Walakini tusijisifu mno, maana hapa ndipo dhamiri yetu sisi ilipotuchoma. Tumesifu wingi wa ukumbusho. Nani aliulipia wingi huo? Mchoraji. Yule kijana aliyepita mlango kwa mlango alichora Colonie belge leo, kesho, na kesho kutwa, kwa bei ambayo mara nyingi ilimpatia unga wa siku chache. Hakuna hesabu iliyomlinda. Wazee wetu walibishana naye bei mpaka jua likazama, na sisi twafanya vivyo hivyo hata leo kwa anayeandika mabango ya kinyozi. Warhol alikufa tajiri kwa karatasi zilizohesabiwa. Wengi wa hawa wetu walikufa bila kuacha kitu. Anayesema kwamba kuhesabu nakala ni tamaa ya Wazungu, na atuambie kwanza yeye alimlipa mchoraji kiasi gani.

Haya yote tuliyaeleza katika nyumba ile, kwa maneno machache kuliko haya. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaamua kama mtu aliyekuwa amekwisha kuamua zamani. "Mtoto lazima asome," akasema. "Kitambaa kiuzwe. Lakini kwanza ichorwe tena."

Kwake ilikuwa rahisi hivyo. Likamwita kijana wa mtaani anayechora mabango ya maduka, naye akakubali, na bei yake, kwa aibu tuliyokuwa nayo, hatukuipunguza. Lakini mwana alipompigia simu mnunuzi kumwarifu, mnunuzi akasita. Siku iliyofuata ikaja karatasi kwa simu: yuko tayari kupandisha bei kidogo, ila mama atie sahihi kwamba picha haitanakiliwa kabla wala baada ya kuuzwa. Hatumlaumu. Alikuwa anadai kile anachokinunua sikuzote, naye alikidai kwa maandishi, waziwazi.

Kijana alitazama huku na huku, akatuuliza taratibu: "Mwalimu, je, mama akitia sahihi, halafu tukachora usiku?" Tulimjibu kwamba kukubali sharti lile si dhambi, mtu aweza kuuza hata haki ya kunakili, kama anataka kuiuza. Kulikubali huku umekusudia kulivunja, hilo ndilo dhambi, hata kama mnunuzi yuko Ulaya na hatajua kamwe. Alikuwa akilalamika kwamba ulimwengu wa picha zilizohesabiwa umemdhulumu. Basi asiuingie kwa mlango wa Ubelgiji wa 1970.

Mama hakungoja tumalize. Aliuliza maneno ya karatasi yasomwe tena, pole pole, kwa Kiswahili. Kisha akauliza: "Ananunua kitambaa, au ananunua na macho ya wajukuu wangu?" Hakutia sahihi.

Ingekuwa vizuri kuandika hapa kwamba mnunuzi aliona haya akalipa bei yote. Hakulipa. Alisema atafikiri. Minervali haijatimia, jumuiya yetu ndogo ilichanga kidogo, na kijana anauza vocha za simu jioni kwenye barabara ya chuo kikuu. Na mamaye wamesemezana, ijapokuwa bado hawataniani kama zamani. Picha ya kale imefungwa katika shuka nyuma ya kabati, ikingoja. Mpya iko ukutani, na mama aliomba aongezwe mwanamke mmoja, kwa hiyo sasa wako watatu.

Nyumba ile iko kando ya njia iendayo gereza la Kasapa. Siku za kutembelea wafungwa, akina mama hupita pale na sufuria zilizofunikwa, kwa kuwa mfungwa asiyeletewa chakula na watu wake hashibi. Nao hupumzika kidogo chini ya mwembe. Jumapili iliyopita tulipopita baada ya Misa, mlango ulikuwa wazi, na watatu au wanne walikuwa wamesimama sebuleni wakiitazama picha mpya, sufuria zao zingali vichwani. Mmoja wao, mzee kuliko wote, alikuwa anabisha juu ya beseni. Mchoraji alilipaka rangi ya kijani. Beseni za siku zile, alisema yule bibi, zilikuwa nyeupe, zenye mdomo wa buluu. Mama alimkubalia, na kijana wa mabango ameahidi kuja kulirudia.